Nchi moja, tukio moja, habari mbili: nani anamwogopa nani Marekani?

Msomaji wa Chumbageni, Tanga, ameniandikia:

"Shikamoo Mwalimu. Barazani kwetu wako wazee wawili ambao kila baada ya magharibi lazima wabishane kuhusu Marekani. Mmoja anatazama CNN kwenye king'amuzi, mwenzake anatumiwa klipu za Fox News na mwanawe aliyeko Muscat. Tukio ni moja, lakini ukiwasikiliza utadhani wanasimulia nchi mbili. Kwa kuwa mimi nasoma chuo, wananigeukia niamue, nami sina jibu. Je, wanasiasa wa Marekani ndio wanaoviendesha vyombo vya habari, au vyombo ndivyo vinavyowaendesha wanasiasa? Sisi tulio mbali tumwamini nani? Na haya yanaweza kutufika sisi?"

Marahaba mwanangu. Nikisoma barua yako naona wazee wako wanatofautiana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: wote wawili wanaamini kwamba kuna mkubwa mahali fulani ananyanyua simu na kutoa amri. Huyu atasema ni chama, yule atasema ni mabilionea wenye stesheni. Simu za namna hiyo zipo, nami nitazifikia. Lakini ukitaka kuielewa televisheni ya siasa ya Marekani, anza na mtu ambaye hawamtaji kabisa, yaani mtazamaji aliyekaa sebuleni kwake na rimoti mkononi. Stesheni inamwogopa huyo kuliko inavyomwogopa rais. Na mwanasiasa aliyemteka mtazamaji huyo ameiteka stesheni bila hata kuigusa.

Hili silikisii. Kuna kesi moja iliyofungua mlango wa chumba cha habari mpaka watu wa nje wakaona kila kilichosemwa ndani, na nataka nikusimulie kwa urefu, maana ushahidi wake ni viapo na meseji za wahusika wenyewe.

Usiku wa uchaguzi, tarehe 3 Novemba 2020, dawati la matokeo la Fox News lilitangaza kwamba Joe Biden ameshinda jimbo la Arizona. Stesheni nyingine za televisheni zilikuwa bado zinasubiri. Hesabu ya Fox ilikuwa sahihi, ingawa kwa tofauti ndogo: Biden alilichukua jimbo hilo kwa kura zisizofika 11,000. Lakini watazamaji wa Fox, wengi wao wafuasi wa Donald Trump, walihisi wamesalitiwa na watu wao. Trump naye akawaambia hadharani kwamba Fox imesahau nani aliyeijenga. Wakaanza kuhamia Newsmax, stesheni ndogo iliyokuwa tayari kuwaambia walichotaka kusikia, kwamba uchaguzi umeibwa.

Siku hizo hizo mawakili wa upande wa Trump walikuwa wakidai kwamba kampuni ya mashine za kupigia kura iitwayo Dominion Voting Systems imebadilisha kura. Fox ikayapa madai hayo nafasi, jioni baada ya jioni. Machi 2021 Dominion ikafungua kesi katika jimbo la Delaware, ikidai fidia ya dola bilioni 1.6 kwa kuchafuliwa jina.

Kwa utaratibu wa mahakama za kule, kabla kesi haijasikilizwa kila upande hulazimika kumkabidhi mwenzake nyaraka zake: barua pepe, meseji za simu, kumbukumbu za vikao. Nyaraka za Fox zilipowekwa hadharani mapema mwaka 2023, ilionekana kwamba watangazaji wakubwa na mabosi wao hawakuyaamini madai yale. Faraghani Tucker Carlson aliandika kwamba wakili Sidney Powell anasema uongo. Laura Ingraham akaandika kwamba mama huyo hana akili timamu. Hewani, madai yaliendelea kupewa nafasi.

Kuna ukurasa mmoja wa nyaraka hizo ambao naona kila anayesomea uandishi wa habari angeusoma kabla hajaingia kazini. Ripota wa Fox, Jacqui Heinrich, aliandika mtandaoni kwamba maofisa wa uchaguzi hawajaona ushahidi wowote wa kura kubadilishwa. Ilikuwa kweli, na ndiyo kazi yake. Carlson akawaandikia wenzake akitaka binti huyo afukuzwe. Sababu aliyoitoa haikuwa kwamba amekosea. Alisema anaiumiza kampuni, na bei ya hisa imeshuka.

Rupert Murdoch, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya Fox wakati huo, alipohojiwa chini ya kiapo, alikubali kwamba baadhi ya watangazaji wake waliyaunga mkono madai ya wizi wa kura. Tarehe 31 Machi 2023 Jaji Eric Davis akaamua kwamba hakuna hata moja kati ya madai yale kuhusu Dominion lililokuwa la kweli. Na tarehe 18 Aprili, watu waliochaguliwa kuisikiliza kesi wakiwa tayari wamekaa, Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5 ili yaishe.

Sasa itafute katika mkasa huo amri ya mwanasiasa, ile simu ya usiku. Hutaiona, na wala haikuhitajika. Mabosi walikuwa wanatazama takwimu za watazamaji wanaohama, wakajua wenyewe la kufanya. Ndiyo maana nasema swali lako, la nani anamwendesha nani, lina upande wa tatu.

Kwa nini kampuni tajiri kiasi kile itetemeke kwa kupoteza sehemu ya wateja? Jibu liko kwenye bili ya kebo. Stesheni za habari za Marekani kama CNN, Fox na MSNBC (ambayo tangu Novemba 2025 inaitwa MS NOW) zimekulia kwenye kebo na satelaiti. Familia inalipia kifurushi cha chaneli nyingi kila mwezi, kisha kampuni ya kebo inailipa kila stesheni kwa idadi ya kaya zilizolipia, iwe kaya hiyo inaitazama stesheni au haijawahi kuifungua. Mkataba ukiisha, pande mbili zinakaa mezani kugombania bei. Stesheni yenye watazamaji wachache lakini wenye mapenzi makali, ambao watavunja mkataba na kampuni ya kebo siku chaneli yao ikiondolewa, inapata bei inayotaka. Stesheni inayotazamwa na wengi juu juu, bila yeyote wa kuililia, haina pa kushikia.

Kwa hiyo kinachouzwa pale ni mapenzi, na katika siasa mapenzi hutiwa nguvu na hofu ya upande wa pili. Ni kama muuza kahawa wa hapo barazani kwenu: wateja wakishazoea kahawa chungu, siku akiwaletea nyepesi watavuka barabara kwa mwenzake, na yeye analijua hilo kabla hajawasha jiko.

Waeleze wazee wako na jambo hili, maana kwa mbali haliko wazi. Saa za jioni, ambazo ndizo bora kabisa kibiashara, Fox huwa na watazamaji kama milioni 2 hadi 3, na CNN iko chini ya hapo sana. Nchi yenyewe ina watu zaidi ya milioni 330. Wamarekani walio wengi jioni ile hawamo katika ugomvi huo. Lakini wanaotazama ndio wanaopiga kura katika mchujo wa ndani ya vyama, ndio wanaochangia fedha za kampeni, ndio wanaompigia simu mbunge wao kumkaripia. Mbunge anawaogopa watu hao hao ambao stesheni inawaogopa. Ndiyo maana kwa nje wawili hawa wanaonekana kama wanapangana.

Usidhani lakini kwamba zamani mambo yalikuwa safi na kebo ndiyo iliyoyachafua. Taifa lile lilizaliwa na magazeti ya vyama. Mwaka 1791 Thomas Jefferson, akiwa waziri wa mambo ya nje, alimpa mshairi Philip Freneau kazi ya kutafsiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, na mwaka huo huo Freneau akaanzisha gazeti la National Gazette, lililomwandama Alexander Hamilton, waziri wa fedha katika baraza lile lile la mawaziri. Hamilton naye alikuwa na gazeti la upande wake, la John Fenno, lililosaidiwa na kazi za uchapaji za wizara. Mwaka 1798 Bunge likapitisha Sheria ya Uchochezi, na mbunge wa Vermont, Matthew Lyon, akafungwa miezi minne kwa kumwandika vibaya Rais John Adams. Wapiga kura wakamrudisha bungeni akiwa bado yuko gerezani.

Kilichoanza kuvunja kamba kati ya gazeti na chama ni bei. Mwaka 1833 gazeti la Sun lilianza kuuzwa New York kwa senti 1, wakati mengine yaliuzwa senti 6. Kwa bei hiyo gazeti haliishi kwa mauzo wala kwa ruzuku ya chama, linaishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye duka anataka tangazo lake lifike kwa wafuasi wa vyama vyote. Mwaka 1846 magazeti ya New York yakaungana kugharimia habari za mbali, na huo ndio mwanzo wa shirika la Associated Press, ambalo mpaka leo tunaliona kwa herufi AP. Shirika linaloliuzia gazeti la kila upande habari ile ile haliwezi kuandika kwa kelele za upande mmoja. Taratibu, kwa miongo mingi, desturi hiyo ya sokoni ikageuka heshima ya taaluma. Televisheni ilipokuja, stesheni tatu kubwa, CBS, NBC na ABC, ziligawana nchi nzima, na kila moja ilikuwa na sababu ya kutomkera mtazamaji wa chama chochote.

Nakukumbusha historia hii kwa sababu moja tu: fedha zilizoizaa desturi ya kutoegemea upande ndizo hizo hizo zilizoibomoa, pale ilipogundulika kwamba watu wachache wenye mapenzi wanalipa kuliko wengi waliopoa. CNN ilianza Juni 1980. MSNBC na Fox News zilianza mwaka mmoja, 1996.

Katika kusoma kwako utakutana na hoja kwamba yote yalianza mwaka 1987, serikali ilipofuta ile kanuni ya tangu 1949 iliyozitaka stesheni kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa redio: mwaka mmoja baadaye, 1988, kipindi cha Rush Limbaugh kikaanza kusikika nchi nzima, na redio za mijadala za mrengo wa kulia zikachanua. Kwa upande wa televisheni za kebo haina nguvu. Kanuni ile ilisimama juu ya hoja kwamba masafa ya hewani ni mali ya umma na ni machache, hivyo anayepewa leseni ana wajibu. Kebo haitumii masafa hayo. Hata leo kanuni ikirudishwa kama ilivyokuwa, haitamgusa Fox wala CNN. Nimeona waandishi wengi wakubwa wakilisahau hilo.

Mzee wa CNN naye asijione ameshinda. Soko nililolieleza linazivuta pande zote. Juni 2017 CNN ilichapisha habari iliyomhusisha mtu wa karibu na Trump na mfuko wa fedha wa Urusi, kisha ikaifuta na kuomba radhi, na waandishi watatu wakajiuzulu. Mwaka 2024, magazeti makubwa yalikuwa yameandika mara nyingi kuhusu umri wa Rais Biden, lakini katika vipindi vya mjadala vinavyopendwa na wafuasi wa chama cha Democratic, aliyeligusa suala hilo kwa uzito alionekana anampa adui silaha. Kisha ukaja mdahalo wa Biden na Trump tarehe 27 Juni kule Atlanta, ulioandaliwa na CNN yenyewe, na watu wakauona udhaifu wake kwa macho yao. Tarehe 21 Julai Biden akajitoa katika kugombea urais. Mtazamaji aliyetegemea vipindi hivyo peke yake alishtushwa na jambo ambalo jirani yake wa chama kingine alikuwa analijua, pamoja na uongo mwingi uliokuwa umechanganywa humo.

Hata hivyo sitakwambia kwamba pande mbili ni sawa sawa, kwa sababu siamini hivyo. Kuifuta habari ndani ya siku chache na kuachia ngazi ni jambo moja. Kurusha kwa wiki nyingi dai ambalo wewe mwenyewe umeandika kwenye simu yako kwamba ni uongo ni jambo jingine kabisa. Mzee wa Fox akikuuliza kwa nini unasema hivyo, mtajie uamuzi wa Jaji Davis.

Sasa nije kwenye ile simu ya mkubwa.

Kisheria, mwandishi wa Marekani ana ngao ambayo wenzake wa nchi nyingi hawana. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalizuia Bunge kutunga sheria ya kubana uhuru wa vyombo vya habari. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikaiongezea ngao hiyo chuma. Kiongozi mmoja wa jiji la Montgomery, Alabama, L. B. Sullivan, alikuwa amelishtaki New York Times kwa tangazo la kurasa za ndani lililokusanya michango kwa ajili ya Martin Luther King. Tangazo lilikuwa na makosa madogo madogo ya ukweli, wala jina la Sullivan halikutajwa, lakini mahakama ya Alabama ilimpa fidia ya dola 500,000. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaifuta. Walisema kiongozi wa umma hashindi kesi ya kuchafuliwa jina mpaka athibitishe kwamba aliyeandika alijua ni uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli. Kipimo hicho ndicho kilichofanya zile meseji za Fox ziwe hatari kwake: zilikuwa zinaonyesha nani alijua nini.

Lakini ngao inamlinda mwandishi dhidi ya jela na dhidi ya fidia. Haimlindi tajiri mwenye stesheni dhidi ya hofu yake mwenyewe juu ya biashara zake nyingine. Hapo ndipo mwanasiasa anapopenya. Desemba 2024 ABC ilikubali kutoa dola milioni 15 kwa ajili ya maktaba ya urais ya Trump, ili kumaliza kesi aliyoifungua kwa maneno ya mtangazaji wake. Julai 2025 Paramount, kampuni mama ya CBS, ikakubali kutoa dola milioni 16 kumaliza kesi iliyohusu namna mahojiano na Kamala Harris, mpinzani wa Trump katika uchaguzi wa 2024, yalivyohaririwa, kesi ambayo wanasheria wengi waliiona dhaifu. Wakati huo Paramount ilikuwa inasubiri ruhusa ya FCC, tume ya mawasiliano ya kule, ili iuzwe kwa kampuni ya Skydance. Kabla mwezi huo haujaisha ruhusa ikatoka. Paramount ilisema mambo hayo mawili hayahusiani. Kwa maoni yangu, mwandishi wa CBS aliyekuwa na habari nzito juu ya serikali mwezi ule alikuwa na haki ya kujiuliza kama bosi wake atamsimamia.

Njia nyingine ni za wazi zaidi. Februari 2025 waandishi wa AP walizuiwa kuingia katika ofisi ya rais na kwenye ndege yake kwa sababu shirika liliendelea kuiita Ghuba ya Meksiko kwa jina hilo, badala ya Ghuba ya Amerika alilolitaka Trump. Julai mwaka huo Bunge likaondoa kama dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma. Anayeumia zaidi ni redio ndogo ya vijijini, ambayo fedha hizo zilikuwa sehemu kubwa ya bajeti yake.

Na tazama jinsi mtazamaji anavyorudi tena hata hapa. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi, Jeff Bezos, aliyelinunua Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250, alizuia tahariri ya gazeti hilo iliyokuwa imeandaliwa kumuunga mkono Kamala Harris. Alisema tahariri za namna hiyo zinapunguza imani ya wasomaji. Wakosoaji wakakumbusha kwamba kampuni yake ya maroketi inategemea kandarasi za serikali. Ndani ya siku chache wasomaji zaidi ya 200,000 walikatisha malipo yao ya mtandaoni. Nawaelewa hasira zao. Ila tajiri kama Bezos haumizwi na fedha hizo. Aliyeumia ni chumba cha habari, na waandishi wake walikuwa wamempinga tajiri huyo hadharani.

Nimekaa sana Washington na New York kwa sababu ndiko barua yako ilikonipeleka. Lakini ukiniuliza wapi hasa demokrasia ya Marekani imejeruhiwa kwa habari, nitakutoa huko na kukupeleka mji mdogo uitwao Bell, jimbo la California, kusini mashariki mwa jiji la Los Angeles. Ni mji wa watu wasiofika 40,000, wengi wao wahamiaji wenye kipato cha chini. Mwaka 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Ruben Vives na Jeff Gottlieb, waligundua kwamba mkurugenzi wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa analipwa mshahara wa karibu dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa nchi. Madiwani, ambao kazi yao ni ya muda tu, walikuwa wanachukua karibu dola 100,000 kila mmoja. Wananchi walikuwa wanalipa kodi za nyumba za juu kuliko miji ya jirani yenye watu matajiri. Rizzo alikuja kuhukumiwa kifungo cha miaka 12.

Ushahidi wa hayo ulikuwa humo humo kwenye vitabu vya halmashauri. Kilichokosekana ni mwandishi wa kuvifungua, kwa sababu Bell haikuwa na gazeti la kufuatilia mambo yake kila wiki, na gazeti kubwa la jirani lilikuwa limepunguza watu. Hapakuwa na udhibiti wa habari wala tishio. Kiti cha mwandishi kilikuwa kitupu, basi.

Na viti vitupu vimezidi tangu hapo. Kwa hesabu za Chuo Kikuu cha Northwestern, tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya magazeti 3,000, zaidi ya theluthi moja ya yaliyokuwepo. Matangazo madogo madogo ya kuuza gari na kupangisha nyumba, yaliyokuwa yanalipa mishahara ya waandishi wa wilayani, yalihamia mtandaoni, na fedha za matangazo makubwa zikaenda Google na Facebook. Watafiti wa masuala ya fedha wamegundua hata jambo hili: wilaya ikipoteza gazeti lake, gharama ya halmashauri kukopa hupanda, maana anayekopesha anajua hakuna anayewachungulia wakopaji. Na mkaazi wa wilaya hiyo, asiyepata tena habari za barabara na shule yake, anabaki na siasa za Washington peke yake, kupitia Fox au CNN. Ule ugomvi wa wazee wako umeanzia hapo.

Sasa, tumwamini nani? Kwanza tenganisha ripota na mwenye kipindi. Stesheni moja ina watu wa kazi mbili tofauti: anayekwenda mahakamani na kurudi na kilichoamuliwa, na anayekaa studio jioni kueleza kwa nini ukasirike. Klipu zinazozunguka kwenye WhatsApp karibu zote ni za huyu wa pili, wa pande zote mbili. Pili, thamini habari inayomgharimu anayeitoa. Fox ilipoitangaza Arizona kwa Biden, au CNN ilipouandaa mdahalo uliomwangusha Biden, hapo sikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu msemaji alikuwa anawaudhi wateja wake. Tatu, kwa jambo zito nenda kwenye hati. Mahakama za Marekani huweka hukumu na nyaraka nyingi hadharani, na Kiingereza chako cha chuo kinakutosha. Ukikosa muda, soma AP au Reuters, ambao bado wanauzia kila upande.

Ulichomalizia, kama haya yanaweza kutufika. Mfumo wa kebo ule hatuna, na fedha za vyombo vyetu hutoka kwingine: matangazo ya kampuni chache kubwa na ya taasisi za serikali. Kwa hiyo hofu ya mhariri wa kwetu ina anuani nyingine. Tanga inalijua hilo tangu zamani. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa, katika shule ya serikali ya Wajerumani, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolimaliza. Lilikuwa la serikali na lilisema ya serikali, ingawa walimu na makarani wa Kiafrika walilitumia kuandika habari za miji yao. Kilichotukaribia kwa kasi ni klipu: kijana anaweza kujua jina la mtangazaji wa Fox na asijue jina la diwani wa kata yake.

Na cha Bell kimeshatufika sehemu nyingi, kwa maana ya kile kiti kitupu. Vikao vya kawaida vya baraza la madiwani kisheria viko wazi kwa wananchi. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka na inazigusa halmashauri zote, na inapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti ya ofisi yake. Ichukue, tafuta kurasa zinazoitaja Halmashauri ya Jiji la Tanga, uzichape, uwapelekee wazee wako barazani. Kisha niandikie walibishana nini.